Chaki Kwenye Injini ya Mama

Mwezi uliopita nilikasirishwa na gari ambalo hata si langu. Nilikuwa napita kando ya ziwa, pale Gisenyi maharusi wanapopenda kupigia picha, nikaona kosinele imeegeshwa chini ya miti. Unaijua kosinele, kile kigari cha mgongo wa mviringo ambacho wazee wetu walikiona fahari na watoto wa leo wanakiona katuni. Ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa na kufungwa utepe mwekundu. Nikainama kuchungulia chini yake, kwa mazoea tu. Sementi ilikuwa kavu kabisa. Nikamwomba mlinzi wake anionyeshe injini, akaenda kufungua mbele. Nikamwambia injini ya gari hili hukaa nyuma. Akacheka, akasema mbele wala nyuma hakuna kitu, injini ilitolewa zamani, siku za harusi wanaisukuma mpaka mahali pa picha.

Niliondoka bila kuaga. Watu wa harusi walikuwa wamefika, wanapiga makofi, ndugu yangu. Wanalipigia makofi gari lisilokwenda popote, na mimi nimekulia kwenye kosinele iliyokuwa inakwenda, ikachekwa na mji mzima kwa sababu ilidondosha oili. Hasira hiyo ilinifuata mpaka nyumbani, nikaona afadhali niiandike kuliko kulala nayo.

Sisi ni watu tuliorudi kutoka Karagwe, Tanzania. Baba aliliendesha gari lile mwenyewe mpaka hapa, magodoro yamefungwa juu ya paa, mimi na Mama tumebanwa na masufuria. Mwaka wa pili ugonjwa ukamchukua. Akatuachia nyumba isiyopigwa lipu, uzio wa mawe meusi ya volkano, na kosinele. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamyumba, kusini mwa mji. Baada ya matanga alikaa ndani wiki mbili, wiki ya tatu akachukua funguo ukutani. Kuendesha alijifunza Karagwe, na aliyemfundisha ni Baba mwenyewe, kwa hiyo wale waliokuja kumwuliza kama ana ruhusa walijibiwa kwamba ruhusa alipewa zamani.

Nilikuwa na miaka tisa, nikisoma shule ileile aliyofundisha. Kila asubuhi tulishuka wawili kwa barabara ya ziwa, madirisha wazi, harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia ikikutana na harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa juani. Injini ilisikika kama cherehani kubwa. Wavuvi waliokuwa wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja walitupungia mikono, na Mama alipiga honi mara moja, si zaidi, kwa sababu honi ilikula betri. Njiani tulikula viazi vya Bugeshi vilivyochemshwa na maganda yake, bado vya moto, na chumvi kwenye kikaratasi. Mpaka leo kiazi kisicho na maganda sikioni kama chakula cha safari.

Lakini gari lilivuja, siwezi kukudanganya. Injini zile hazina maji. Zinapozwa na upepo wa feni na kwa oili yenyewe, sasa oili ikiisha, injini nayo imekwisha. Kazi yangu kila alfajiri ilikuwa kuvuta kile kijiti cha kupimia oili, kukifuta kwa kitambaa, kukirudisha, kukivuta tena na kumwambia Mama imefika alama gani. Chini ya gari kulikuwa na doa jeusi uani kwetu, doa jingine shuleni, na doa la tatu kanisani, ambapo katekista alimwomba Mama aegeshe nje ya geti kwa heshima ya nyumba ya Mungu. Jirani yetu, muuza sambaza, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri, alituletea katoni tupu tuitandike chini. Watoto shuleni walimwita Mama Madamu Matone. Alijua. Aliniambia niwaache waseme, kwa kuwa wote wanaosema wanakwenda kwa miguu.

Fundi wetu alikuwa mtu wa ziwani. Alianza kwa kuziba mitumbwi, mwenyewe akiiita pirogue, akahamia kwenye injini za boti, ndipo akaja kwenye magari. Mtu wa aina hiyo akiona maji ndani ya chombo anatafuta tundu chini, na nadhani hapo ndipo alipopotea. Oili ilidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, kwa hiyo kwake yeye tundu lilikuwa hapohapo. Aliishusha injini mara mbili nzima, akabadilisha ile sili kubwa ya kuzuia oili iliyo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na mara zote mbili matone yalirudi kabla ya wiki kwisha. Mara ya tatu alichukua lami wanayozibia mitumbwi, akaipaka chini ya injini yote. Ilinuka tulipopanda mlima mpaka tukaacha kupumua kwa pua. Baada ya siku mbili oili ikapata njia yake kandokando ya lami, na fundi akatamka hukumu.

"Madamu, mi nakuambia ya kweli. Hii moteri ilishakufa."

Neno hilo halikukaa kwetu. Sijui lilipitia kwa nani, ila Jumapili iliyofuata alikuja Baba mkubwa, kaka yake Baba. Alikuwa mfanyabiashara, ana nyumba kubwa Nyakiriba na ua wa sementi aliokuwa akiuonyesha kabla hajakuonyesha watoto wake. Hakukaa ndani. Alisimama juu ya doa letu na viatu vyake vya ngozi, akasema amepata mtu anayetaka injini aifunge kwenye mashine ya kusagia mahindi, na bodi itachukuliwa na watu wa vyuma. Kikao cha familia kingekuwa kwake Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na hapo gari lingekabidhiwa. Alisema gari linalovuja linautia ukoo aibu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akamwuliza: je, kama halivuji?

Baba mkubwa alicheka, akamgeukia jirani yetu aliyekuwa amesimama getini na beseni lake la samaki, kana kwamba anamtaka acheke naye. "Likiacha kuvuja, shemeji, ubaki nalo. Nani atalitaka?"

Jirani hakucheka. Mgeni alipoondoka, jirani aliniambia nisisahau tuliyoyasikia, maana na yeye hatasahau. Mama alimaliza mchele wake, akaupika, tukala, na wakati wa kuosha vyombo akasema neno moja tu, kwamba lile gari haliendi kusaga mahindi ya mtu.

Hivyo tulikuwa na siku sita. Jumatatu tulirudi shuleni mapema, tukaiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi ya nguo. Lami ya fundi tuliikwangua kwa kisu cha jikoni ambacho hakikukata kitunguu tena maishani mwake. Mikono iliwasha mpaka asubuhi. Mama alisema huwezi kusoma ubao uliojaa maandishi ya jana, lazima uufute kwanza, na aliposema ubao nilimwona anasita, brashi mkononi, anawaza. Kesho yake darasani alinituma niokote vipande vyote vya chaki vilivyobaki, vile vidogo visivyoshikika. Tulijaza kopo la maziwa. Nyumbani tukavitwanga kwenye kinu, tukauchekecha unga kwa kipande cha chandarua, tukaunyunyizia injini mpaka ikawa nyeupe yote. Oili ikitoka, alisema, itajionyesha yenyewe kwenye weupe.

Akawasha. Tulikuwa tumesahau feni. Ile feni inavuta upepo wa kupozea injini nzima, na unga wetu ni mwepesi kuliko upepo wake. Lilitoka wingu, ndugu yangu, likatufunika sisi, nguo za kwenye kamba na sambaza wa jirani waliokuwa kwenye uteo juu ya uzio. Mimi nilikohoa mpaka machozi. Mama alisimama katikati ya ua, mweupe kuanzia kilemba mpaka ndala, na upande wa pili wa uzio watu wakaanza kuangua kicheko. Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwambia Mama basi, wachukue tu gari, tumechekwa vya kutosha.

Alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kulisahau. Akanijibu kwamba nikitaka kwenda kwa miguu niende, lakini niende kwa sababu nimependa, si kwa sababu Baba mkubwa amependa. Kisha akaenda kumlipa jirani sambaza wake kwa kumsaidia kuwaosha, samaki mmoja mmoja.

Jumatano alfajiri aliniamsha. Unga wa chaki alikuwa ameuchanganya na maji kwenye bakuli, mzito kama uji wa mtoto. Tukaupaka kwa brashi ya rangi, tukauacha ukauke. Ulishika. Injini iliyopakwa vile ilionekana kama ukuta wa kanisa. Tukaenda nayo Nyamyumba polepole, tukarudi nayo, na uani Mama hakunipa hata nafasi ya kuvua mkoba. Nililala chali kwenye gunia, nikaingia chini ya gari na tochi.

Chini, pale fundi alipokuwa akipagombania, palikuwa na tone. Lakini sasa tone lilikuwa na mkia. Mstari mwembamba, wa kahawia juu ya chaki, ulitoka pale ukapanda. Niliufuata kwa kidole bila kuugusa. Ulipita pembeni mwa silinda za upande wa kushoto, ukapinda kidogo pale upepo wa feni ulipousukuma, ukapanda tena, ukaingia chini ya sanduku la bati linalofunika feni. Hapo ukapotea. Kuzunguka ile sili kubwa ya nyuma ya flaiwili, iliyobadilishwa mara mbili, chaki ilikuwa nyeupe na kavu. Nilipiga kelele kwamba inatoka juu. Mama akajilaza kwenye mavumbi na sketi yake ya kazini, akatazama mwenyewe, akarudia maneno hayohayo kwa sauti ndogo. Inatoka juu.

Tukamwita fundi. Alichungulia, akasimama, akajifuta mikono iliyokuwa safi. Hakupenda. Alisema mafuta haiwezi kutoka juu, mafuta iko natembea chini kila siku, na tena yeye ni fundi na Mama ni mwalimu. Mama akamwuliza chini ya lile sanduku la bati kuna nini. Fundi akasema kuna radiateur ya mafuta, kile kipoza oili kinachokaa wima kwenye upepo wa feni, lakini hicho hakijawahi kumsumbua mtu. Mama akasema basi tukifungue tukione kisichosumbua. Fundi akasema kulifungua sanduku ni kazi ya siku. Mama akamkabidhi spana.

Nitamsifu fundi kwa jambo moja: aliona. Walipoliinua lile bati, kipoza oili kilikuwa kimelowa kwenye kitako, na chini yake kulikuwa na vipira viwili vidogo, vya ukubwa wa kifungo cha koti, ambavyo oili hupitia kwenda na kurudi. Fundi alikitoa kimoja, akakikunja kwa vidole viwili. Kilivunjika kama biskuti. Kisha akakaa chini kwenye jiwe, akasema taratibu:

"Bon. Madamu, mi nilikosea. Nilitafuta kama pirogue."

Mama hakumsimanga. Alimwambia aandike kipimo.

Vipira havikupatikana Gisenyi. Alhamisi baada ya shule tukavuka kwenda Goma, mji wa nchi jirani, kwa mpaka mdogo, na jeto zetu mkononi, zile karatasi za kuvukia za siku moja, katikati ya akina mama waliobeba nyanya na maziwa na magodoro vichwani. Wakati ule kuvuka kulikuwa kama kwenda sokoni. Kule mtaa wa Birere kulikuwa na mzee aliyeuza vipuri vya magari ambayo hayatengenezwi tena, kibanda chake kimejaa makopo ya unga wa maziwa, na kila kopo lina aina yake ya vitu vidogo. Aliuliza tunatafuta nini. Mama akamwonyesha vipande vilivyovunjika. Mzee akamwaga kopo mezani, akavipanga vipira kwa ukubwa, akamwonya Mama kwamba iko ya aina mbili, zinafanana, na ukiweka ya aina ingine itavuja kuliko mbele. Mama alivilinganisha kimoja kimoja na kipande kwa macho ya mtu anayesahihisha mtihani. Mzee akamwuliza kama mume wake ndiye fundi. Akasema hapana, mume wangu ndiye aliyekuwa dereva. Sikumsikia tena akisema "aliyekuwa" kwa sauti tulivu namna ile.

Ijumaa fundi alikuja bila kuitwa, akarudisha kila kitu mahali pake, na alikataa kuondoka mpaka injini imenguruma nusu saa. Mama akapaka chaki upya.

Jumamosi ya umuganda magari hayatembei asubuhi, kwa hiyo tulikata majani kwenye mfereji pamoja na mtaa mzima, na saa tano, kazi ilipomalizika, Mama aliingia ndani akatoka na shuka jeupe la kitandani mwake, limepigwa pasi. Tulipanda Nyakiriba. Pale kwa Baba mkubwa ukoo ulikuwa umejaa. Mama aliingiza gari mpaka katikati ya ule ua wa sementi, akazima, akatandaza shuka chini ya injini, akaweka mawe manne kwenye pembe zake, akaingia kusalimia.

Kikao kilikuwa na mambo mengi, shamba la nani na mahari ya nani, na gari liliachwa mwisho. Chakula kilipita. Mimi sikula. Nilikaa kwenye kizingiti nikiangalia shuka, na kila kivuli cha jani kilichopita juu yake nilikidhania tone. Ilipofika zamu yetu wote walitoka nje. Baba mkubwa alipiga goti kwenye sementi yake, akaingiza mkono chini ya injini, akapapasa kwa muda mrefu, akautoa. Vidole vilikuwa vyeupe. Shuka lilikuwa kama lilivyotoka kwenye pasi.

Mtu mmoja akacheka, nadhani kwa furaha. Baba mkubwa alijifuta chaki kwenye suruali, akasimama, akasema vizuri, tumeona, lakini gari ni la marehemu, na mali ya marehemu ni ya ukoo, na uamuzi uko palepale.

Hapo ndipo mimi nilipouelewa ulimwengu, na sikuupenda. Oili haikuwahi kuwa shida yake. Tungekausha ziwa zima, angetafuta neno jingine. Nilimtazama Mama nikidhani atalia, maana mimi nilikuwa tayari nalia. Mama aliondoa mawe manne, akalikunja shuka mara mbili, mara nne, akaliweka kifuani.

"Shemeji, Jumapili ulisema oili. Oili nimeimaliza. Kama kinachokusumbua ni mimi kushika usukani, kiseme hapa mbele za watu, nikijibu."

Baba mkubwa alitazama wazee, wazee wakatazama milima ya Bugeshi. Alilotakiwa kulisema ni neno linalosemeka chumbani kati ya wanaume wawili watatu, halisemeki uani mchana mbele ya mjane na shuka lake. Aliyesema ni shangazi yake Baba mkubwa, mama mzee sana, ambaye alijikongoja mpaka mlango wa kosinele na kikapu chake cha viazi, akauliza kama kuna anayeshuka mjini, kwa sababu miguu yake imechoka na kikao hiki kimekwisha. Mama akamfungulia mlango.

Gari lile lilitupeleka Nyamyumba mpaka nilipomaliza sekondari. Lilivuja tena, bila shaka, mara kwenye vifuniko vya vali, mara kwenye vipira vya mabomba ya chini, na kila mara tulipaka chaki, tukaufuata mkia wa tone mpaka kwenye chanzo chake. Fundi alianza kupaka chaki magari ya watu wengine na kuwaambia ni mbinu ya Gisenyi. Magoti ya Mama yalipochoka kukanyaga klachi, alimtafuta mnunuzi mwenyewe, akamwambia aina zote za matone ambazo gari lilikuwa nazo, akatia sahihi ya jina lake. Jirani muuza sambaza alihama. Mzee wa Birere sijui aliko, na kuvuka kwenda kumtafuta sasa si jambo la kufanya baada ya shule. Fundi alizikwa kwao kando ya ziwa. Mama tulimzika mwaka jana.

Siku ya kumaliza matanga, binamu yangu, mtoto wa Baba mkubwa, alisogeza kiti karibu nami. Alianza kwa upole. Alisema nyumba hii imezeeka, bati zinavuja, mimi ni mwanamke peke yangu na kazi zangu ziko Kigali, kwa hiyo ukoo umeona ni bora iuzwe. Nilimmiminia chai. Nilimwambia bati nitazibadilisha wiki hii, nikamwuliza, nikishazibadilisha, atasema nini.

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Bati nilizibadilisha Jumatano.